Macho Yasiyobisha Hodi



Wasomaji wetu watujua kuwa sisi si watu wa mitambo. Tulisomea chuoni, kwa ubao na wino, na hadi miaka michache iliyopita simu yetu haikuwa na kazi ila kupiga na kupigiwa. Hata hivyo, safu ya wiki hii ni ya kompyuta, tena kompyuta ikaayo nyumbani usiku na mchana, kwa sababu jambo lililotufikisha huko limegusa sitara ya aila yetu wenyewe, na sisi tumo katika lawama.

Dada yetu mkubwa, mjane, aliuacha Mji wa Kale wa Mombasa akahamia Kitengela kwa mwanawe. Mwanawe ni mwalimu Kajiado mjini. Kila alfajiri hushika barabara ya Namanga, apite Isinya, kiasi cha kilomita 50 kwenda na kama hizo kurudi. Mkewe anafanya kazi kwenye viwanda vya Athi River. Watoto wako skuli. Bibi hubaki peke yake tangu saa mbili hadi saa kumi, naye magoti yake si ya kuaminika tena. Mara moja aliteleza bafuni akakaa chini hadi adhuhuri. Mpwa wetu alipotaka shauri, sisi ndio tuliomwambia atie kamera. Tulisema kwa wepesi, kama mtu anavyomwambia mwenzake anunue mwavuli.

Akaja fundi, akatundika kamera mbili, moja ukumbini na moja ua wa nyuma. Mwalimu akawa akimwona mamake kwenye simu akiwa huko Kajiado, moyo ukatulia. Miezi mitano ikapita hivyo. Kisha siku moja fundi yule akampigia simu, kwa wema kabisa: "Mwalimu, naona mama ameacha mlango wa nyuma wazi, na mvua hiyo yaja."

Mpwa wetu alimshukuru, akakata simu, ndipo akaduwaa. Fundi alikuwa mji mwingine. Aliona kwa macho gani? Ikabainika kwamba siku ya kuzifunga kamera alifungua akaunti kwa nambari yake mwenyewe, kisha akamgawia mwalimu ruhusa ya kutazama. Kwa mujibu wa mtambo ule, mwenye nyumba alikuwa mgeni na fundi ndiye mwenye nyumba.

Hatumdhanii ubaya. Aya ya 12 ya Surat al-Hujurat, ile ikatazayo kupelelezana, huanza kwa kutuonya juu ya dhana, na lau alikuwa na nia mbaya asingepiga simu kusema habari ya mvua. Lakini dada yetu alipoambiwa aliuliza neno moja tu, "Tangu lini?" Alipojibiwa, aliingia chumbani akatoka na buibui lake, akawa analivaa ndani ya nyumba ile wiki nzima, hata jikoni mbele ya jiko la moto. Huyu ni mwanamke aliyejisitiri tangu utotoni, ambaye hata mpiga hodi humjibu kutoka nyuma ya pazia.

Tulipopata habari tulipanda treni, tukashuka stesheni ya Athi River, tukaenda kuomba radhi.

Njia nzima tulikuwa tukizifikiria nyumba zetu za pwani. Aliyeingia nyumba ya mawe ya Lamu ajua jinsi ilivyopangwa: nje kuna daka, ambapo mgeni hukaa asiingie, kisha kiwanda kilicho wazi juu, kisha misana, na mwisho kabisa ndani, pa wanawake na watoto. Hata mlango wa daka haunyooki na wa kiwanda, ili jicho la mpita njia lisifike popote. Wazee wetu hawakujenga hivyo kwa mapambo. Walielewa ile hadithi mashuhuri ya mtu aliyechungulia kwenye tundu la mlango wa Mtume, rehema na amani zimshukie, na kwamba kuomba ruhusa kuliwekwa kwa ajili ya macho kabla ya miguu. Sasa sisi, wajukuu wao, tumechukua jicho tukalitundika ndani kabisa, nyuma ya milango yote, kisha tukaupeleka ufunguo wake nchi tusiyoijua.

Kwa maana kamera nyingi ziuzwazo madukani hufanya kazi hivi. Picha haiendi moja kwa moja kutoka ukumbini hadi kwenye simu ya mwenyewe. Hutoka nyumbani, ikapita kwenye intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni, mara nyingi ng'ambo, ikahifadhiwa huko, ndipo ikateremshwa kwenye simu. Watu huziita kompyuta hizo wingu, jina zuri lakini la udanganyifu kidogo, maana wingu halina mwenyewe ilhali kompyuta zile zina wenyewe, nao wana wafanyakazi. Mwezi Mei 2023 tume ya serikali ya Marekani isimamiayo haki za wateja iliishtaki kampuni ya Ring, moja ya kampuni kubwa za kamera za nyumbani, kwa kuwa wafanyakazi walikuwa na njia ya kuzitazama video za wateja. Mmoja wao mwaka 2017 alitazama maelfu ya video za wanawake, nyingine za vyumbani na bafuni. Kesi ikamalizwa kwa kampuni kutoa dola milioni 5.8.

Na si macho tu. Kitu kinachotegemea wingu hufa pamoja na wingu. Mwezi Aprili 2022 kampuni moja ya Marekani iitwayo Insteon, iliyouza swichi na taa za kuongozwa kwa simu, ilizima kompyuta zake ghafla, na wateja waliolipa fedha zao wakaamka wakakuta programu kwenye simu haziitiki. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu zaidi. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Kenya na Tanzania mtandao ukawa wa kujikongoja. Siku kama hiyo, mwenye taa inayopokea amri kutoka ng'ambo hukaa sebuleni kwake akingoja waya wa baharini uungwe ndipo awashe taa iliyo hatua tatu kutoka alipo.

Tulipofika Kitengela tulimkuta mpwa wetu amekwisha kuziteremsha kamera zote mbili, na mezani amefungua laptopu kuukuu ambayo kioo chake kilikuwa na ufa. Tulidhani yuatengeneza maswali ya mtihani. Kumbe yuaweka seva.

Seva ni neno lenye kutisha bure. Maana yake ni kompyuta iliyowekwa kuhudumia vyombo vingine badala ya kutumiwa na mtu aliyekaa mbele yake. Juu ya laptopu ile alifuta mfumo wa zamani akaweka Linux, ule ulioanzwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, Finland, na ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote autakaye. Juu ya Linux akaweka Home Assistant, programu huria iliyoanzwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, na ambayo tangu Aprili 2024 iko chini ya wakfu usio wa biashara uliosajiliwa Uswisi. Tulipoambiwa hilo tulitabasamu, kwani neno wakfu twalijua. Mali iliyotolewa ili watu wanufaike nayo, isiuzwe wala isirithiwe, si jambo geni kwetu; yashangaza kidogo kulikuta kwa watu wa kompyuta.

Kazi ya programu hii ni kuwa bawabu. Vihisi, plagi, pampu na taa huzungumza nayo hapo hapo nyumbani, nayo huamua nini kifanywe, bila kuuliza mtu wa nje. Vihisi alivyonunua ni vidogo kama kisanduku cha kiberiti, vyenye betri ya mviringo kama kitufe, na hutumia redio ya masafa mafupi iitwayo Zigbee, ambayo si intaneti wala waifai. Kimoja amekibandika kwenye mlango wa bafu, kimoja kwenye ujia, kimoja jikoni. Havina jicho. Vyajua tu kwamba mlango umefungwa au umefunguliwa, kwamba kuna kitu kimetembea au hakuna. Ikiwa mlango wa bafu umefungwa na dakika 40 zimepita pasipo harakati yoyote ujiani, seva hupiga kengele kwenye nyumba ya jirani, mama mmoja wa Kimaasai ambaye hufika kwa dakika mbili, na hapo hapo humpelekea mwalimu ujumbe. Ujumbe huo wa mwisho hupita nje ya nchi kama ujumbe mwingine wowote wa simu, na hilo hatukuweza kuliepuka. Lakini ni maneno matatu, si picha.

Tulimuuliza kwa nini hakununua kile kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi, ambacho vijana wengi hukisifu na ambacho kipo sokoni tangu 2012. Akacheka. Alikuwa nacho, alikijaribu kwanza, na baada ya miezi miwili kadi ya kumbukumbu ikafa kwa kuandikwa mno, na kila alichokipanga kikaenda nayo, kwani hakuwa na nakala. Laptopu ina diski imara zaidi, na zaidi ya hayo ina betri yake. Nani amesahau usiku wa Ijumaa ya Agosti 25, 2023, nchi karibu nzima ilipozimika? Laptopu kuukuu yenye betri nzima huvumilia saa mbili tatu bila kelele. Ulaji wake ameupima kwa plagi yenye mita: wati 15 hivi, yaani kama uniti 11 za tokeni kwa mwezi. Na nakala sasa huiandika kila usiku kwenye diski ndogo ya kuchomeka, ambayo Ijumaa huichukua akaificha kwa jirani.

Ama kuitazama nyumba akiwa Kajiado, hakufungua tundu kwenye ruta ili dunia nzima ibishe hapo. Ameweka njia ya siri ya WireGuard, ambayo imo ndani ya kiini cha Linux tangu 2020, na ambayo haifunguki ila kwa ufunguo ulio kwenye simu yake. Asiye na ufunguo hata hajibiwi kwamba kuna mlango.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo watu wa pwani huenda hawalijui kuhusu mji huu. Mtu huiona Kitengela kama mji wa ploti na maghorofa yasiyokwisha, na ndivyo ulivyo, lakini umejengwa kwenye mbuga. Mpaka wa kusini wa Hifadhi ya Nairobi hauna ua kamili, na simba hutoka wakala ng'ombe wa watu. Hapo hapo Kitengela kijana wa Kimaasai, Richard Turere, akiwa na umri wa miaka tisa, alipewa zizi la babake alilinde. Alijaribu moto, ukawamulikia simba njia. Akajaribu sanamu ya mtu. Simba usiku wa pili wakagundua kwamba haitembei. Kisha akaona kwamba simba huogopa taa inayosogea. Akachukua betri ya gari inayochajiwa na paneli ya sola, kidude cha kumweteshea taa za ishara cha pikipiki, na balbu za tochi zilizoharibika, akazipanga juu ya ua zikitazama nje na kuwaka kwa zamu, hata simba akadhani kuna mtu azunguka zizi usiku kucha. Mwaka 2013 aliitwa Marekani kulieleza jambo hilo kwenye jukwaa la TED. Mpwa wetu humtaja kwa wanafunzi wake kila mwaka. Nasi tuliona kwamba taa zile zilikuwa na adabu ambayo kamera zetu hazikuwa nayo: zilitazama nje, zikampa kazi mvamizi, zikamwacha mwenye zizi alale.

Haja nyingine ya mji huu ni maji. Bomba huja likipenda, na watu wengi hutegemea boza. Juu ya tangi ameweka kihisi cha sauti kinachopima umbali hadi usoni mwa maji, na likibaki robo, seva huwaambia. Zamani walikuwa wakijua tangi limekauka mtu akiwa na sabuni usoni. Hili halihitaji maelezo zaidi.

Lakini nyakati za swala zahitaji. Aila hii ilipohama ilichukua na kalenda ya Mombasa, ile itundikwayo ukutani. Dunia huzunguka nyuzi moja kwa dakika nne, na Kitengela iko magharibi mwa Mombasa kwa nyuzi mbili na ushei karibu ya tatu. Kwa hiyo adhuhuri ya Kitengela huchelewa kwa dakika kama 11, na Maghribi yaweza kuchelewa tangu dakika sita hadi 15 kwa kufuata msimu, kwa kuwa miji hii haiko latitudo moja. Msomaji ameshaona tunakokwenda. Ramadhani nzima ya kwanza walifuturu jua la Kitengela halijatua, na hilo lina hukumu yake, nasi tuliwaeleza faraghani la kufanya. Home Assistant ina sehemu ya kukokotoa nyakati kwa mahali nyumba ilipo, na mtu huchagua njia ya hesabu aifuatayo msikiti wake. Tuliketi pamoja na mpwa wetu tukazilinganisha na za msikiti wa karibu, tukarekebisha. Kuhusu sauti ya adhana itokayo kwenye spika, rai yetu ni kwamba hiyo ni ukumbusho, kama saa ya kengele; haiwi badala ya muadhini wala haimwondolei mtu sunna ya kuadhini nyumbani. Watoto wameambiwa hivyo, na sasa mdogo wao hung'ang'ania kuadhini juu ya spika.

Tukarudi kwenye kamera. Mwalimu alitaka moja irudi ua wa nyuma, maana mwezi uliopita jirani aliibiwa pampu, na sasa picha zingebaki kwenye diski yake mwenyewe. Dada akasema hataki. Mkewe akasema yeye ataka, kwa kuwa hurudi kazini kukiwa giza. Sisi tuliulizwa, na safari hii hatukujibu kwa wepesi.

Aya ya 58 ya Surat an-Nur hutaja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumba na watumishi wanapaswa kuomba ruhusa kabla ya kuingia kwa watu wazima: kabla ya swala ya Alfajiri, mchana wa joto watu wanapovua nguo zao, na baada ya Isha. Tukasema: ikiwa mtoto wa nyumba huzuiwa nyakati hizo, kamera ni nani? Na dada yetu hutawadhia uani kabla ya Alfajiri, hujinyoosha hapo kwenye mkeka adhuhuri, na usiku baada ya Isha hukaa hapo kupunga upepo. Mwalimu akapinga, na hoja yake ilikuwa na uzito: mwizi huja kabla ya Alfajiri. Tulibishana hadi chai ikapoa.

Tulipofikia ni hapa. Kamera moja imewekwa nje ya ukuta, ikitazama barabara na geti, nayo hailali. Ya uani imerudishwa, lakini umeme wake hupita kwenye plagi inayoamrishwa na seva, na nyakati tatu zile plagi hukatwa. Hatukukubali izimwe kwa programu peke yake, kwa sababu taa ndogo ya kamera yaweza kusema uongo, lakini kitu kisicho na umeme hakioni. Katika saa hizo uani hubaki kihisi cha harakati na taa kubwa. Mwizi akiruka ukuta, taa itamulika na kengele italia, na kama haonekani sura basi haonekani. Mwalimu hakuridhika kabisa, na twamwelewa.

Lilibaki moja ambalo sisi hatukuliona. Mke wa mwalimu ndiye aliyelisema, kwa upole, akimimina chai nyingine. "Ami, na hii kompyuta si yaandika nani kafungua mlango saa ngapi? Basi mume wangu ajua nimeingia saa ngapi kila siku, na mimi sijui kama yuasoma."

Ukumbi ukanyamaza. Mwalimu akasema hasomi. Mkewe akasema hakusema kwamba yuasoma.

Ni kweli kwamba seva huandika. Home Assistant ikiachwa ilivyo hutunza kumbukumbu za siku 10: kila mlango, kila taa, kila hatua ujiani. Fundi alikuwa ametolewa, kampuni imetolewa, na jicho limerudi kwa mwenye nyumba; lakini nyumba ile ina watu wazima watatu, na ufunguo ulikuwa kwa mmoja. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, humpa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huzibana kampuni na ofisi. Ila sheria hiyo yenyewe huyaacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani kwake. Baina ya mume na mke, au mwana na mamake, hakuna kamishna. Tulimwambia mpwa wetu hivyo mbele ya wote, kwa kuwa makosa yetu ya kwanza pia yalijulikana mbele ya wote.

Alinyanyuka akaileta laptopu pale pale ukumbini. Kumbukumbu za siku 10 akazifanya mbili. Milango akaitoa kwenye daftari kabisa, ila wa bafu, ambao hubakia kwa ajili ya kengele. Mkewe akafunguliwa akaunti yenye mamlaka sawa na ya mumewe, na neno lake la siri aliliandika yeye mwenyewe sisi tukiwa tumegeuza nyuso.

Dada hakutaka akaunti. Alitaka kitufe. Mwalimu akampa kimoja cha Zigbee, cheupe, ukubwa wa kidole gumba, akakibandika kando ya kitanda chake. Akikibonyeza, kamera ya uani hukatika umeme saa yoyote ile, na hairudi hadi abonyeze tena. Usiku wa kwanza tulimsikia akikibonyeza na kukirudia, akingoja kila mara taa ya plagi izime. Asubuhi alitoka kututilia chai akiwa na leso begani tu, na lile buibui limetundikwa nyuma ya mlango.